Jina Lililotajwa Kwenye Mvuke

Mkono wangu ulikuwa ndani ya mfuko wa koti la mgeni niliposikia baba akimwaga kata ya kwanza ya maji. Mawe ya moto yalifoka upande wa pili wa ukuta wa mbao, na mvuke ukapenya chini ya mlango mpaka miguuni pangu. Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja, mwalimu wa hesabu, mtu mzima na akili zangu, na nilikuwa nikimpekua mgeni kama kibaka. Siombi radhi. Udadisi nilizaliwa nao.

Baba yangu, Tauno Kettunen, alikuwa mpima ardhi. Ndivyo tulivyoambiwa. Lakini mpima ardhi gani hurudi nyumbani na tope jekundu viatuni, tope lisilopatikana popote katika wilaya yetu ya Lieksa, hapa mpakani? Nilimuuliza nikiwa na miaka tisa. "Ardhi ni kubwa, mwanangu," akasema. Tulipomzika mama nilimuuliza tena, nikapata jibu lilelile. Alipostaafu alipasua kuni, akakausha samaki, akanyamaza. Homa kali tu ndiyo iliyowahi kumfungua mdomo, majira fulani ya baridi. Aliniambia kwamba ng'ambo ya mpaka kuna mwanamke aliyemhesabia mabehewa ya jeshi miaka kumi na minne bila kuomba hata jozi ya soksi, na kwamba yu hai kwa sababu jina lake halikuandikwa popote. Lilikuwa kichwani mwa baba tu. Homa ilipopoa akajuta kuniambia.

Kisha, Jumamosi moja ya Septemba mwaka 1993, gari la kijivu likasimama uani. Mgeni alijitaja kuwa ni Pentti Saarela, kutoka ofisi ya zamani ya baba. Alikunywa kahawa yetu, akausifu mkate wangu wa hiliki, akafika kwenye jambo lake.

"Huko ng'ambo wanafukua majalada ya zamani, mzee. Yule mtu wako yuko hatarini. Nipe jina tumtoe."

Baba alikoroga kahawa yake. Haikuwa na sukari.

"Basi tuoge kwanza," mgeni akasema, akitabasamu. "Si Jumamosi leo? Tutaongea kwenye mvuke, kiume."

Hapo baba alimtazama vizuri. Kwetu mgeni hukaribishwa sauna, chumba chetu cha kuogea mvuke; haombi. Bibi zetu walijifungulia humo, maiti zetu zilioshwa humo, na juu ya lile benchi la kukalia mvukeni hakuna anayedanganya. Nimeona majirani walioburuzana mahakamani miaka saba wakimaliza ugomvi wao pale, uchi, bila karatasi wala wakili. Mgeni alilijua hilo, na ndiyo maana aliomba.

"Helka, washa moto," baba akaniambia.

Nikawasha. Walipoingia nilibaki kwenye chumba cha kuvulia nguo na taulo zangu, nikaona koti lile kwenye msumari. Mfukoni mlikuwa na karatasi yenye majina manne yaliyopigwa taipu. Matatu yalikuwa yamekatwa kwa penseli. La tatu lilikuwa la Viljo Mustonen, rafiki wa baba, mpima ardhi mwenzake, aliyezama mwezi Machi akivua samaki kwenye barafu, Viljo yuleyule aliyekuwa akiipima barafu mara mbili kabla ya kuweka mguu. La nne lilikuwa la baba.

Nikairudisha karatasi, nikatega sikio.

"Mzee, muda hatuna."

"Bwana mdogo, kata ya kwanza haina maneno."

Kituo cha polisi kilikuwa mbali, na simu yetu ilikuwa imekufa tangu dhoruba ya Alhamisi. Nikagonga mlango kwa ngumi.

"Baba! Mkuu wa polisi amepiga simu! Anakuja kuoga saa kumi na mbili, kama kawaida yake!"

Mkuu wa polisi hakuwahi kukanyaga kwetu hata siku moja.

"Mwambie aje na bia yake," baba akajibu. "Jumamosi iliyopita alininywea yote."

Nilijua amenielewa. Mgeni naye sasa alikuwa na haraka.

"Jina, mzee. Hapahapa. Tuko kwenye benchi."

Kata nyingine ilimwagwa. Kisha baba akasema, kwa sauti isiyotikisika, "Lidia Moshkina. Karani wa stesheni, mji wa Petroskoi, ng'ambo."

"Kweli?"

"Niko kwenye benchi langu, halafu unaniuliza kweli?"

Saarela alivaa nguo mwili ukiwa bado umelowa, akaondoka bila kuaga. Nilimkuta baba ameketi kwenye ngazi, mwili ukifuka mvuke kwenye baridi, na nilimchukia kama sijawahi kumchukia mtu.

"Umemuua! Mtu wako mwenyewe, umemuua!"

"Lidia alikufa mwaka sabini na moja," akasema. "Nilisoma jina lake kaburini. Hakuwa na mume wala mtoto. Aliyekufa hafi tena."

Nilicheka kwa furaha, nikamkumbatia. Yeye hakucheka.

"Nimedanganya juu ya benchi, Helka. Baba yangu aliogeshwa pale alipokufa."

"Mbona hata mimi nimedanganya?"

"Wewe ulikuwa mlangoni."

Jioni ileile tulikwenda kuwaona wenye ofisi halisi. Hawakumjua Saarela yeyote. Ni nani aliyemtuma, sijui mpaka leo, na kutokujua huko hunikera kama kibanzi kwenye kidole. Baba hakuingia tena sauna. Kwa miaka kumi na moja alioga kwa beseni jikoni, na kila Jumamosi alinipasulia kuni za kuogea mimi, kisha akakaa barazani akitazama moshi wa majirani. Nilimsihi, nikamtania, nikamfokea. Hakwenda.

Majira ya baridi aliyofariki, miguu ikiwa imekwisha, aliniomba nimbebe mpaka kwenye benchi la juu. Hakutaka moto. Nilimshika asianguke. Alivuta pumzi, akataja jina moja la mwanamke, jina fupi, polepole.

"Hilo ndilo," akasema. "Sasa washa."

Mwaka jana alikuja mtafiti mmoja kutoka mjini, dada mpole, anaandika habari za watu wa mpakani. Aliniuliza kama baba aliwahi kunitajia jina lolote. Nikamwambia ardhi ni kubwa. Akacheka, akauliza kama tungeweza kuoga kwanza, kwa kuwa ilikuwa Jumamosi.

Nikamwambia kuni zimelowa.