Birika la Papa Evariste

Majirani waliliita gari la Papa Evariste "Birika", na hawakuliita hivyo kwa sifa. Lilikuwa Peugeot 404 nyeupe, la tangu enzi Papa mwenyewe akiwa kijana mwenye nywele, na kwa macho lilistahili arusi yoyote pale Likasi: bampa zinang'aa, viti vyekundu, hakuna mkwaruzo. Shida yake ilikuwa milima. Kwenye tambarare za mjini lilikwenda raha mustarehe. Likianza tu kupanda mwinuko wa barabara ya Kambove, njia ya kwenda kanisani, mshale wa joto ulipanda nalo, ukaingia kwenye nyekundu, na mvuke ukafoka kutoka chini ya kapo, kifuniko cha injini, kama chai iliyosahauliwa motoni. Kiangazi kilichopita lilikuwa limembeba bibi arusi wa jirani. Lilichemka katikati ya mlima, na maskini yule aliposhuka kuchungulia, maji ya kutu yakamrukia gauni zima. Aliingia kanisani amejifunga kitenge cha mama yake.

Sasa zamu ilikuwa ya Tina, mdogo wake Orpa. Orpa, mama yake Exaucé, alikuwa ameolewa na Ricky, mtoto wa Papa Evariste, na kazi yake ilikuwa kushona. Gauni la Tina alilishona kwa mkono wake, shanga moja baada ya nyingine, mpaka macho yakamwuma. Tina naye tangu utoto alikuwa na ndoto moja tu ya arusi, nayo ilikuwa kufika kanisani ndani ya ile 404.

"Mutoto yangu hatapanda mu birika ya chai," alisema mama yao, Mama Hortense, na akafunga mjadala.

Maneno yale yalimfikia Papa Evariste. Alikaa kwenye fotei yake, kiti chake cha kupumzikia ambacho hakuna mjukuu aliyethubutu kukirukia, akalitazama gari lake kupitia dirishani kama mtu anayemwangalia mgonjwa. Orpa alimwona, akamhurumia. Palepale akaapa kwamba Tina atapanda lile gari, na gauni halitaguswa na tone.

Wiki nzima fundi Patrice alihangaika nalo. Aliosha radiatere inayopoza maji ya injini mpaka maji yakatoka meupe. Alibadilisha kifuniko chake. Alikaza mkanda wa feni. Akatoa termostati, kilango kinachofunguka maji yakipata moto, akaitumbukiza kwenye sufuria ya Orpa iliyokuwa jikoni, na maji yalipochemka ikafunguka taratibu kama mdomo wa samaki, vizuri kabisa. Kila kitu kilikuwa kizima. Ijumaa wakalijaribu mlimani, na likachemka palepale lilipozoea.

Asubuhi ya arusi Patrice alikuja tena, akasimama mbele ya kapo huku amejishika kiuno.

"Papa, hii motoka ikisimama, iko muzuri. Ikitembea polepole, iko muzuri. Ikivuta na nguvu, njo inachemuka. Halafu tunasimama, tunafungua, tunakuta kila kitu iko muzuri! Ni kama mwizi. Tukifika, amekwisha kukimbia."

"Basi tumuvizie," Orpa akasema.

Patrice akamgeukia. Uso wake ukaanza kufunguka. "Ndiyo, Mama Exaucé! Tusiende ku mulima. Tuilete mulima hapa. Papa, weye panda, kanyaga mafuta mpaka chini, lakini kapo ibakie wazi. Sisi tutaangalia."

Papa akaingia, akawasha. Orpa alikaza kitambaa cha kichwa, akaikusanya sketi yake ili feni isiidake, akainama upande wa kushoto. Patrice akainama upande wa kulia. Injini ikanguruma, kisha ikapiga kelele. Kuku wakatawanyika, na bati la banda likatetemeka. Patrice aliukodolea macho mkanda. Orpa, asiyejua aangalie nini, aliangalia chini, kwenye mpira mnene unaotoka chini ya radiatere kwenda kwenye pampu ya maji.

Ule mpira ukabonyea.

Alidhani ni moshi unaomchezea macho. Lakini ukabonyea tena zaidi, ukawa bapa, pande zake mbili zikagusana kama mashavu ya mtu anayefyonza mfupa.

"Papa, acha!"

Papa akaachia mafuta. Ule mpira ukafutuka, ukarudi mnene, mzima, kana kwamba haujawahi kufanya kosa maishani.

"Kanyaga tena!"

Ukabonyea. Orpa akaruka juu, mikono hewani. "Nimemuona! Papa, nimemuona mwizi! Patrice, kuya huku, angalia!"

Patrice akazunguka mbio, karibu ateleze. Akaangalia, akajipiga kofi kwenye paji la uso, akaanza kucheka mpaka akashikilia ubavu wa gari. Pampu inanyonya maji kutoka kwenye radiatere, akaeleza, na injini ikizunguka kwa nguvu, pampu nayo inanyonya kwa nguvu. Ndiyo maana ndani ya mpira ule huwekwa springi ya kuushikilia usibonyee. Zamani sana kuna mtu aliubadilisha akaisahau springi. Basi kila mara gari lilipopanda mlima, saa ile hasa lilipokuwa na kiu, lilijikaba koo lenyewe. Likisimama, koo linafunguka.

"Na sasa?" Papa aliuliza, ameshatoka nje.

Sasa ilihitajika springi. Mpira mpya wenye springi yake ungepatikana Lubumbashi, na kanisa lilikuwa linawasubiri mchana uleule. Papa akaleta waya wa shaba, kwa fahari ya mtu wa Katanga, mkoa wa shaba. Patrice akauviringisha, akauminya kwa vidole viwili, ukalala. "Shaba inatii sana, Papa. Tunatafuta chuma yenye kubisha."

Papa Evariste aliutupa waya. Kisha akaingia ndani. Wakasikia kitambaa kikichanika, kirefu, bila huruma. Alipotoka, alikuwa ameshika springi ndefu ya chuma yenye vipande vya sufi.

"Papa! Fotei yako!" Orpa akashika mdomo.

"Minye nitakaa hata ku mukeka. Jaribu hii."

Ilikuwa nene mno. Lakini Patrice alikata ncha zake, akazipiga tupa zisije zikatoboa, kisha akamwambia Orpa ashike upande mmoja, naye akaizungusha upande wa pili. Springi ikajikaza, ikakonda. Wakaisukuma ndani ya mpira hivyohivyo, wakaiachia, nayo ikatanuka ikaushika ule mpira kutoka ndani. Wakafunga, wakajaza maji, wakangoja mapovu yaishe. Papa akakanyaga mafuta mpaka chini. Mpira ukatulia tuli, mgumu kama mkono wa mpiga nyundo.

"Ku mulima!" Patrice akapiga kelele, akarukia kiti cha nyuma na jerikani ya maji mapajani.

Orpa alikaa mbele, macho kwenye mshale. Barabara ikaanza kuinuka. Mbele yao lori la mawe ya madini lilikuwa linajikokota, likawalazimisha kwenda polepole kwa gia nzito, bila upepo wa kupoza kitu. Mshale ukasogea kidogo. Ukasogea tena kidogo, ukasimama.

"Unasema nini?" Papa aliuliza bila kugeuza kichwa.

"Umesimama, Papa."

"Motoka?"

"Mushale! Mushale umesimama! Endesha!"

Njia mbele ilikuwa wazi. Papa akapiga honi, akalipita lori huku injini ikiimba, akaipita ile kona ambapo gari lilikuwa likichemka kila mara, akapanda mpaka juu kabisa. Akashuka, akafungua kapo. Hapakuwa na mvuke, hata wa dawa. Mzee akaanza kucheza kando ya barabara, mabega yakipanda na kushuka, madereva wa lori wakimpigia honi. Kama si heshima ya mkwe, Orpa angemkumbatia. Alimpigia vigelegele.

Kumshawishi Mama Hortense ndiyo ilikuwa kazi nyingine. Mwishowe akakubali kwa sharti moja. "Minye nitakaa mbele. Maji ikiruka, ianze na minye." Akapanda na mwavuli, akaufungua ndani ya gari, mkononi kama ngao. Nyuma alikaa Tina katika meupe yake yote, na Orpa akimshikilia pindo. Mlima ukaanza, mwavuli ukiwa wazi. Nusu ya mlima, ukawa umeteremshwa kidogo. Walipofika juu, Mama Hortense alikuwa ameukunja na anawapungia mkono watu asiowajua.

Mbele ya kanisa kwaya ilikuwa tayari inaimba. Bwana arusi, Hénoc, alikuwa ngazini, amevaa suti ya bluu, anajifuta jasho. Papa Evariste akapunguza mwendo ili asimame.

"Papa Ricky," Mama Hortense akasema, akimshika mkono wa usukani, "usisimame bado. Zungusha tena."

"Mama! Hénoc ananingoja!" Tina akalia kwa kicheko.

"Atangoja. Zungusha!"

Papa akapiga honi, akakanyaga mafuta, na 404 ikampita bwana arusi aliyeachama mdomo, ikakata kona kurudi mlimani.