Siku Tatu Igawa

Mshale wa joto ulipogusa alama nyekundu, Abrahamu aliipunguzia Hiace mwendo, akaitoa pembeni mwa barabara na kuzima injini. Mvua iliyowaanzia Uyole ilikuwa bado inapiga paa kama mtu anayemwaga kokoto. Mvuke ukaanza kupanda polepole kutoka chini ya viti.

"Pampu ya maji," alisema kabla hajafunua chochote.

Mkewe, Tusekile, hakubisha. Kwa miaka thelathini na minne mumewe alikuwa fundi katika karakana moja ya serikali mjini Mbeya, na sikio lake halikuwa na kawaida ya kukosea. Alipostaafu alinunua Hiace hiyo kuukuu, akang'oa viti vya nyuma, akaweka kitanda, jiko la gesi na mapazia aliyoyashona Tusekile. Walikuwa wanakwenda Iringa, kisha mbuga ya Ruaha, wakilala popote watakapopenda. Ilikuwa safari yao ya kwanza isiyokuwa ya msiba wala ya harusi.

Lori la mpunga liliwavuta hadi Igawa, kwenye ua wa fundi waliyeelekezwa na wenyeji. Akatoka mwanamke wa makamo akijifuta mikono kwa tambara. Aliitwa Kulwa. Wazazi wake walikuwa Wasukuma waliohamia bonde la Usangu na ng'ombe wao. Yeye aliwaacha ng'ombe kwa kaka zake, akashika ufundi wa pawatila, yale matrekta madogo ya kusukuma kwa mikono ya wakulima wa mpunga.

"Pampu ya hii sina, baba," alisema baada ya kuchungulia. "Nitaagiza Makambako, ije na basi."

Basi halikuja siku hiyo, wala ya pili yake. Mto ulikuwa umepanda juu ya daraja na magari yamezuiwa pande zote mbili. Walilala ndani ya Hiace uani kwa Kulwa. Abrahamu alishinda mlangoni akitazama tope, uso umekunjamana. Tusekile alipika wali mpya wa Usangu, akala akashiba, akalala usingizi mnono.

"Mama Yudith, safari ndiyo imeharibika hivyo," Abrahamu alilalamika.

"Imeharibika wapi? Kwani hapa tuko nyumbani?"

Siku ya tatu mvua ilikatika, na pampu ikafika imefungwa kwenye gazeti. Kulwa alinyoosha mkono kuipokea. Abrahamu akamtangulia.

"Gari langu nalifunga mwenyewe."

Akapiga magoti, akaiweka pampu mahali pake, akashika bolti ya kwanza. Ikamponyoka, ikaanguka topeni. Kulwa aliiokota, akaifuta, akamrudishia. Ikaanguka tena. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka mwaka uliopita. Mwanzoni alisingizia baridi, kisha uchovu, kisha akaacha kusingizia chochote na kuharakisha maandalizi ya safari. Mara ya tatu aliisukuma bolti kwa nguvu na kuizungusha kwa spana. Akasikia chuma kikisagana, bolti imeingia upande. Aliijua sauti hiyo. Ndiyo aliyowafokea wanafunzi wake miaka yote. Angeongeza nusu mzunguko, tundu lingeharibika, na safari ingeishia pale.

Akaachia spana.

"Mikono yangu hainisikii," alisema.

Hakuwa amewahi kuyatamka maneno hayo, hata akiwa peke yake.

Kulwa hakushangaa wala hakumpa pole. Alichuchumaa kando yake. "Basi nitashika mimi, wewe unielekeze, baba. Hizi Hiace sizijui kama pawatila."

Haikuwa kweli, na wote wawili walilijua hilo. Abrahamu alimshukuru kwa kutikisa kichwa. Alipogeuka alimwona Tusekile amesimama mlangoni na sufuria mkononi.

"Umesikia?"

"Tangu Pasaka nakumiminia chai nusu kikombe, Baba Yudith."

"Na hukusema kitu."

"Ni jambo lako. Nilikuwa nangoja ulilete mwenyewe."

Hadi saa sita Abrahamu alielekeza na Kulwa alikaza. Injini ilipowaka, Abrahamu aliinamisha kichwa akasikiliza kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Ilikuwa safi.

Walipoagana na mwenyeji wao, Abrahamu alizunguka upande wa kushoto, wa abiria, akampa mkewe ufunguo. Tusekile alikuwa na leseni tangu alipokuwa muuguzi wa zahanati, lakini mumewe hakuwahi kumruhusu kuendesha gari lake.

"Utanifokea njia nzima."

"Sitakufokea."

Kule Makambako walikutana na ukungu, na Mafinga wakakutana na malori ya mbao. Barabara hiyo Abrahamu aliipita mara nyingi akifuata magari yaliyoharibika, macho kwenye lami, masikio kwenye injini. Hakujua kwamba misonobari ilikuwa mingi kiasi kile. Mikono yake ilitetemeka mapajani, aliiacha itetemeke.

"Tukifika Iringa," alisema walipoipita Mafinga, "kabla ya mbuga, nataka nimwone daktari."

"Tutakwenda wote."

Jua lilikuwa linaelekea kuzama walipofika Ipogolo na kuanza kupanda mlima kwenda mjini. Mbele yao lori lilijikongoja. Abrahamu aliisikia injini ikilemewa. Gia ilikuwa imechelewa kushushwa, na imechelewa sana. Akafungua mdomo. Akaufunga.

Tusekile akakanyaga klachi, akashusha gia, na Hiace ikaendelea kupanda.