Supu ya Njuka

Vumilia alikuwa amechoka kusema "kata." Jua lilishahamia upande wa pili wa bweni, betri ya kamera ilikuwa inakaribia kuzima, na Makoye alikuwa amekunywa tena.

"Makoye, mdogo wangu," alisema, akijikaza asifoke. "Hapo hunywi. Unasema 'sitaki.' Neno moja tu! Linakushinda nini?"

"Samahani, dada."

Filamu yote ilikuwa hapo, kwenye hilo neno. Kaka yake Vumilia, Luka, alinyweshwa supu hiyo hiyo ya kuwapokea wageni katika chuo hiki hiki cha ufundi hapa Geita, wiki yake ya kwanza, wakubwa wakimwimbia na kumzomea. Alifungasha virago. Sasa anabeba ndoo za dagaa kule Nkome na hataki kusikia habari ya shule. Vumilia alitaka mtu mmoja, japo ndani ya filamu, akatae.

Ndiyo maana alitafuta njuka wa kweli, mwanafunzi mgeni aliyetoka juzi tu kwao Ushetu kwenye mashamba ya tumbaku. Wakubwa nao akawachukua wa kweli, Adam na Sostenes wa mwaka wa tatu. Hata supu ilikuwa ya kweli: maji yaliyolowekwa dagaa, yakatiwa pilipili na majivu. Kamera haidanganywi, alijitapa. Akili nyingi, matokeo ndiyo hayo.

"Tunarudia. Adam, mpe."

Adam akanyoosha kikombe. "Kunywa, njuka!"

Midomo ya Makoye ikacheza. Vumilia akabana pumzi.

"Shikamoo, kaka," Makoye akasema, akakipokea kwa mikono miwili na kukimaliza. Kisha akakimbilia ukutani akatapika.

"Hivi una masikio wewe?" Vumilia alilipuka, akazitupa chini karatasi zake. "Tangu asubuhi nasema jambo lile lile! Unanikomoa?"

Makoye alijifuta mdomo kwa mkono wa shati. Macho yalikuwa mekundu kwa pilipili. "Dada, naomba kuuliza. Bado mara ngapi ndipo niingie?"

"Uingie wapi?"

"Kwenye umoja wenu. Bwenini walisema mwaka huu njuka wanapokewa kwa kamera, na wewe ndiye mkuu. Walisema nitaambiwa nikatae, na nikikataa tu nimekwisha. Sijakataa, dada. Hata mara moja."

Vumilia aligeuka. Sostenes alikuwa akiangalia viatu vyake. Adam alikuwa anabana kicheko.

"Makoye, sikiliza. Hii ni filamu. Hakuna umoja. Unaruhusiwa kukataa."

"Ndiyo, dada," Makoye akajibu kwa adabu, kisha akainama na kujijazia kikombe mwenyewe.

Vumilia akampokonya. Hasira zilimpanda, asijue amkasirikie nani, hawa wawili au yeye mwenyewe. Lolote ambalo angesema, kijana angeliona ni mtego.

"Basi," alisema. "Usinywe tena. Umeshaingia."

Uso wa Makoye ukachanua. Adam na Sostenes, bila kuambiwa na mtu, wakapiga makofi na kumpa mkono.

"Wabeja sana, dada," Makoye alishukuru, akicheka huku machozi yakimtoka. "Kwa hiyo mwakani, njuka wakija, na mimi nitawanywesha?"