Kofia ya Edmund Pell

Mchungaji hakuwa amefika hata nusu ya sala pale watu walipoanza kunong'ona. Upande wa wanaume vichwa vyote vilikuwa wazi isipokuwa kimoja. Edmund Pell, wa dhehebu la wale wanaojiita Marafiki, alikuwa ameketi na kofia yake kichwani, ametulia tuli.

Bi Mehetabel Thorley alimwona kutoka upande wa wanawake, damu ikamchemka. Jeuri gani hii, mbele za Mungu! Akafurahi kumwona mwanawe Jabez, konstebo wa kijiji, akiinuka na fimbo yake.

"We bwana, vua kofia."

"Siwezi, rafiki. Nikiivua nitakuwa nimeikubali sala hii, na moyo wangu hauikubali."

"Unajua kinachokungoja? Viboko, halafu unatupwa nje kwenye theluji."

"Najua."

Jabez akashusha sauti, maana hakuwa mtu mbaya. "Mara moja tu, jamani. Itakugharimu nini? Vua, uende zako nyumbani."

Bi Mehetabel aliyajua maneno hayo. Aliyasikia utotoni kule Uingereza, mlangoni pa gereza. Askari wa mfalme alimbembeleza baba yake kwa upole uleule: piga goti mbele ya mkate wa ushirika wa askofu, mara moja tu, uende nyumbani. Baba hakupiga goti. Walimtoa amefunikwa shuka. Kwa ajili ya goti lile familia yake na wenzao walivuka bahari kuja nchi hii mpya, wakajenga nyumba hii ya ibada kwa mikono yao, ili kila mtu... Hapo wazo likamkwama. Kila mtu, au wao tu?

Jabez akaipiga kofia kwa fimbo, ikaanguka. Pell hakutikisika. Alimtazama tu, kwa huruma, na Bi Mehetabel akaingiwa na hofu kuu, kwa maana aliuona uso wa baba yake.

Akavuka kwenda upande wa wanaume, jambo ambalo hakuna mwanamke aliyewahi kulithubutu. Akaiokota kofia, akaipangusa vumbi, akamvika Pell.

"Umepotea, bwana," akamwambia Pell. "Umepotea kabisa, na nitakuombea."

"Mama!" Jabez alinong'ona. "Unaniaibisha. Rudi ukae."

"Babu yako naye aliambiwa mara moja tu."

Bi Mehetabel alikuwa amemlea mwanawe kwa kisa hicho. Tangu utotoni Jabez alikuwa akiuliza habari za babu. Habari za yule askari hakuwahi kuuliza. Sasa alisimama akiitazama fimbo iliyokuwa mkononi mwake.