Mabega ya Mfuaji

Jumatano saa nane mchana, mfuaji nguo wa hospitali aliingia chumba cha uandishi cha maktaba, akaketi ukingoni mwa kiti kama mtu aliyekuja kuazima chumvi, akatoa karatasi tatu zilizonukia sabuni. Alitaka kuwaandikia wakuu wa hospitali kuhusu mdogo wake, aliyefia wodi ya wazazi miezi minane nyuma.

Mwalimu wa uandishi, mama mmoja mhariri mstaafu, alizisoma. Alipofika palipoandikwa "habari zilinikuta nyumbani," mabega ya mfuaji yalipanda, na kiti kikapanda nayo. Kiliachana na sakafu kwa shubiri moja, kikatulia hewani.

"Naona nimeinuka," alisema mfuaji.

"Ndiyo. Shika meza."

Mwalimu akaweka kalamu chini, akakunja mikono, akangoja. Mfuaji alizoea kuharakishwa, kazini na hata na shemeji zake. Huyu mama alikaa tu, kana kwamba mchana wote ni wake. Kiti kilishuka polepole, wakaagana mpaka wiki ijayo.

Wakawa wanakutana kila Jumatano, na maneno yalikuwa machache. Mwalimu akigusa miwani, mfuaji alijua sentensi ina kasoro. Akiinama mbele, alijua aendelee. Akigeukia dirisha, alijua amepewa nafasi ya kujifuta machozi. Mwalimu naye alijifunza kukisoma kiti. Mfuaji akiandika tarehe au namba ya kitanda, kilitulia. Akiandika alikokuwa yeye siku ile, kilipaa. Wiki ya nne kilifika usawa wa rafu ya juu kabisa. Mfagiaji alipita chini yake, akafurahi kuipata ile kona iliyomshinda siku zote. Msomaji mmoja akainua kichwa.

"Dada, madhali uko huko, nishushie hiyo kamusi nyekundu."

Akamshushia.

Wiki ya tano mwalimu aliburuta ngazi ya vitabu, akapanda taratibu kwa sababu ya magoti yake, akaketi kidato cha juu, ana kwa ana na mfuaji. Akamwekea karatasi tupu mapajani. Kisha akafungua kiganja chake, akakiacha wazi juu ya karatasi ile.

Mfuaji alikitazama kile kiganja kwa muda mrefu.

"Sikuwa nyumbani," alisema. "Nilikuwa zamu. Nilimbadilishia shuka mara tatu. Nikamwambia msimamizi wa wodi damu imezidi, akasema kazi ya mfuaji ni kufua. Nikachukua kapu, nikaenda kufua."

Mwalimu hakukimbilia kumpa pole. Alimpa kalamu. Mfuaji aliandika yote, kuanzia shuka ya kwanza, na kila mstari ulikishusha kiti kidogo. Kilipogusa sakafu alikuwa angali anaandika, na mwalimu alibaki juu ya ngazi peke yake, akimsubiri amalize ndipo ateremke.

Barua ilipelekwa. Baada ya miezi miwili likaja jibu la mistari miwili: malalamiko yamepokelewa na kuhifadhiwa. Msimamizi yuko palepale. Wodi ina muuguzi mmoja kwa vitanda ishirini, kama zamani. Mfuaji alihamishiwa jengo la nyuma, kufua mapazia. Maktaba, kwa upande wake, iliongeza ngazi ya pili chumba cha uandishi.

Mfuaji alimletea mwalimu lile jibu alione.

"Roho imeniuma," alisema. "Lakini asante, mwalimu. Ningekufa na lile jambo kifuani."

Mwalimu alimshika mkono kwa mikono yake miwili, wakakaa hivyo mpaka kengele ya kufunga ikalia.

Jumapili mfuaji alikwenda kwa mama yake na nakala ya barua. Mama hakuwa amewahi kuambiwa kitu zaidi ya kwamba binti yake amefariki. Aliacha kukunja nguo, akasikiliza ikisomwa. Kwenye shuka ya pili sauti ya mfuaji ilikatika. Mama akamshika kifundo cha mkono, akakishikilia mpaka msomaji akaweza kuendelea.

Barua ilipokwisha, mama aliipapasa ile karatasi kwa kiganja.

"Kumbe hakuwa peke yake," alisema. "Mwanangu, asante. Kumbe dada yake alikuwepo."

Akaomba asomewe tena.