Kanda Juu ya Mafiga

Mama yeyote ambaye mwanawe anamletea kitu cha kazini akisema "nitunzie", asome yaliyompata Libérate wa Mpanda mjini, halafu aulize maswali kabla ya kupokea. Libérate hakuuliza.

Mwanawe, Emelyne, alikuwa akifanya kazi katika shirika la kuwatafutia ndugu zao watoto waliopotezana na wazazi wakati wa kukimbia vita Burundi. Huko vituoni, Mwese, Sibwesa, Kasekese na kwingineko, kila mtoto alipofika aliulizwa: baba yako nani, mlima wenu upi, nani alikuwa anakubeba? Kwa Warundi, mlima ndio kijiji cha mtu. Majibu yakaingizwa kwenye kompyuta. Mwaka ule wa tisini na saba radi ikapiga kituo cha Mwese, kompyuta ikafa na kila kilichokuwamo. Ikabidi watoto waulizwe upya. Ndipo Dieudonne, mtoto mdogo aliyekuwa ameutaja mlima wao vizuri kabisa siku aliyofika, akamtazama tu mwulizaji na kuomba uji. Alikwisha sahau.

Siku hiyo Emelyne alirudi nyumbani, chakula hakukigusa. Tangu hapo wimbo wake ukawa nakala, nakala. Alitaka kompyuta za vituo vyote zitume habari zake kila jioni kwa redio ya mawasiliano, mpaka kwenye mashine moja kubwa ya pale Mpanda waliyoiita seva. Seva inakili yote kwenye kanda, na kanda zenyewe zisilale ofisini. "Ofisi ikiungua, Mama, kanda iwe kwingine." Mkuu wake, Shadrack, aliona hayo ni makuu, alitaka kila kituo kibaki na disketi zake kama zamani. Basi makao makuu Dar yakamtuma Mzee Lyamba aje aone njia zote mbili zikijaribiwa, kisha achague moja.

Libérate, aliyeishia darasa la saba, hakuelewa nusu ya mambo hayo, lakini hakuchoka kuyasikiliza. Mwanawe, msichana mwembamba vile, akianza kueleza, hata wanaume wazima wanaweka kalamu chini.

Siku chache kabla ya mgeni kufika, Emelyne alileta kanda moja ndani ya kasha la plastiki, ukubwa wa kipande cha sabuni. "Mama, nitunzie hii. Iwe pakavu, panya wasiifikie, watoto wasiichezee."

Sasa, mwanamke aliyelima Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, miaka yote ile, mahali pakavu pasipofika panya anapajua pamoja tu: uchagani, juu ya mafiga, pale mahindi ya mbegu yanapokula moshi msimu mzima bila kuguswa na mdudu. Libérate akaifunga kanda kwa kipande cha kitenge, akailaza katikati ya mahindi, akawa anachemsha maharage chini yake kila siku, roho kwatu. Hata akajisifu kwa jirani yake, Nyanzala.

"Kazi ya ofisi nzima iko jikoni kwangu, unaona?"

"Basi punguza chumvi," Nyanzala akamjibu, "wakubwa wasije wakapata presha."

Siku ya kujaribu, Mzee Lyamba akiwa ameshafika, aliipeleka mwenyewe ofisini. Kufungua kitenge, kasha limejikunja pembeni, limekuwa jeusi, linanuka moshi. Shadrack akalipokea kwa ncha za vidole.

"Jamani, hii ni kanda au samaki mgebuka wa kukaushwa wa Karema?"

Ofisi ikaangua kicheko. Emelyne akaitia kanda kwenye mashine. Mashine ikasaga kama inatafuna mchanga, ikaitema. Akairudisha. Ikatema tena.

"Mama, uliiweka wapi?"

"Uchagani, mwanangu. Ulisema pakavu."

 Libérate aliwaza moyoni, nimeiua kazi ya mtoto wangu, na watoto wa watu wataendelea kusahau milima yao kwa sababu yangu. Akasubiri tu kusikia mwanawe akimtupia lawama: mnisamehe, mama yangu ni mtu wa kijijini. Nani angemlaumu? Lakini Emelyne alimgeukia mgeni, uso mkavu.

"Mzee, mama amefanya nilivyomwambia. Nilisema pakavu, sikusema pasiwe na joto. Kosa ni langu, na tumelijua leo, majina ya watoto wote yakiwa bado yamo kwenye seva. Ndiyo maana niliomba tujaribu kuyarudisha, tusitunze tu."

"Kwa hiyo njia yako imeshindwa," Shadrack akasema.

"Imeshindwa kanda moja, bosi. Nyingine, yenye majina yaleyale, iko kabatini kwa masista wa misheni. Dereva ameshaifuata."

Ya masista ilipofika ikaingia, mashine ikanung'unika kidogo, kisha majina yakaanza kupanda kwenye kioo, mtoto baada ya mtoto, na baba zao, na milima yao. Libérate akawa anasoma midomo ikimcheza, machozi yanamlengalenga. Huyu ni wangu kweli? Nimemzaa mimi?

"Tuone na zenu," Mzee Lyamba akamwambia Shadrack.

Disketi ya Sibwesa ikafunguka. Ya Kasekese ikakataa.

"Imeharibika lini?"

Shadrack akaigeuzageuza mkononi. Kwa uungwana wake hakutafuta wa kumsingizia. "Sijui, Mzee. Tangu ijazwe hatujawahi kuifungua."

"Kila kitu kinaharibika," Mzee Lyamba akasema. "Mimi nataka njia ya kuniambia mapema. Nachukua ya binti. Na kila kanda isomwe, isikae tu. Ila jikoni kwa mama, hapana!"

"Si jikoni, Mzee, ila kwa mama," Emelyne akasema. "Nyumbani kwake ni mbali na ofisi, na hajawahi kupoteza kitu cha mtu." Akamnyooshea kanda mpya.

Libérate hakutoa mkono.

"Ngoja kwanza. Joto haitaki. Na vumbi?"

"Haitaki."

"Nikiiweka kabatini, karibu na redio ya baba yako?"

"Hapo hapana kabisa, Mama! Redio ina sumaku, itafuta kila kitu."

"Unaona? Na hilo hukulisema."

Shadrack akamvutia kiti. "Kaa, Mama Emelyne. Uliza yote, na sisi tusikie."