Futi ya Zadock

"Hizi ni kaptura ama ni magunia?" Mama Mungai aliuliza, akizimwaga juu ya meza. Zilikuwa sitini. Shule moja ya Loresho ilikuwa imezirudisha asubuhi hiyo: mtoto akisimama, kaptura inakaa; akikimbia, inabaki nyuma.

Zadock hakuinua kichwa. Alikuwa mkataji wa vitambaa katika karakana hii ya ushonaji, nyuma ya Adams Arcade, kwa miaka kumi na mitano, tangu kabla Mama Mungai hajainunua.

"Muulize aliyeshona," alisema. "Mimi nimekata sawa. Mtu akishona ukingoni sana, kiuno kinapanuka."

Wote wakamgeukia Nanyama. Alikuwa amekuja kutoka Bungoma mwaka jana tu, mwaka wa 1972, na lawama humkalia mgeni vizuri.

"Mzee Zadock, mimi nashona pale umeweka chaki," alisema polepole.

Mama Mungai alijifuta uso. Alikuwa ameuza ng'ombe wawili wa Limuru akanunua mashine ya umeme ya kukata vitambaa ishirini kwa mpigo mmoja, na haya ndiyo matunda yake. "Shule imenipa nafasi moja tu," alisema. "Nanyama, kama ni wewe, Jumamosi ndiyo mwisho wako hapa."

Mashine ile ilikuja na sheria yake. Rula ndefu ya chuma ilipigiliwa ukingoni mwa meza, na kila Jumatatu kila fundi alitakiwa kulinganisha futi yake, ule utepe wa kupimia, na rula hiyo. Wengine walitii. Zadock alicheka. Apimwe na chuma, yeye aliyekata suti za maharusi wa nusu ya Ngong Road! Futi yake ya kitambaa alikuwa nayo shingoni tangu ujana, na kabla ya kupima chochote aliivuta kati ya mikono miwili, pa, pa, inyooke. Hata kanisani vidole vyake vilifanya hivyo hivyo.

Saa ya chakula wenzake walitoka. Zadock akabaki, akachukua kaptura moja akaigeuza ndani nje. Mshono ulikuwa umepita juu ya chaki, haukuyumba hata kidogo. Akageuza ya pili, ya tano, ya kumi. Nanyama alikuwa ameshona vizuri kuliko fundi yeyote pale.

Ndipo akaivua futi shingoni, akaivuta kama kawaida, akailaza kando ya rula. Mwanzoni zilienda pamoja. Kwenye inchi ya kumi zikaanza kuachana. Futi iliposema ishirini na sita, rula ilisema karibu ishirini na saba.

Akarudia, safari hii bila kuivuta. Ilikuwa vile vile.

Zamani mteja alikuja kujaribu nguo, ukapunguza hapa, ukabana pale, mambo yakaisha bila mtu kujua. Mashine haimjaribishi mtu nguo. Ilichukua kosa lake ikalikata mara ishirini kwa mpigo. Aliona aibu, ile ya kuchoma masikio. Futi mpya zinauzwa hapo mbele tu, hakuna atakayejua, akawaza, na akaitumbukiza ile ya zamani mfukoni.

Nanyama akarudi wa kwanza, na nusu ya mandazi mkononi. Akavuta kaptura moja, akatoa wembe, akaanza kufumua kiuno.

"Unafanya nini?"

"Nazipunguza, mzee. Labda ni mimi kweli. Nikimaliza zote kabla ya Jumamosi, pengine Mama ataniacha."

Zadock alimtazama akifumua ule mshono mzuri, uzi baada ya uzi. Nanyama alipofika uzi wa tatu, Zadock akashindwa kuvumilia.

"Acha hiyo," alisema, akaitoa futi mfukoni. "Shika hapa, kwenye mwanzo wa rula."

Nanyama akashika. Zadock akatembea na ncha ya pili hadi mwisho wa meza. Nanyama akasoma rula, akasoma futi, kisha akamtazama yeye, na akataka kuiachilia futi.

Viatu vya Mama Mungai vilisikika mlangoni.

"Usiachilie," Zadock akasema. "Shika hapo hapo, aone."